Kusikia Wimbo, Kusikia Lugha

Kiswahili kina neno moja lililobebeshwa mizigo mingi, nalo ni kusikia. Sikio husikia sauti, mwili husikia baridi na njaa, moyo husikia uchungu. Mtoto asiyetii huambiwa hasikii, ijapokuwa masikio yake ni mazima. Na mtu akiulizwa kama anaijua lugha ya jirani zake, huenda akajibu: "Naisikia, lakini siisemi." Hapo kusikia kumekuwa ndiko kufahamu. Waitaliano nao wana neno sentire, na kwa neno hilo husikia sauti, husikia baridi, husikia harufu na husikia huzuni. Lakini wakitaka kusema kwamba wameifahamu lugha fulani, huliweka kando neno hilo na kutumia jingine, capire. Mambo ambayo sisi tumeyatia katika chombo kimoja, wao wameyagawa katika viwili.

Tofauti hii ndogo ya kamusi ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Wako watu wengi, hapa kwetu na kwengineko, wanaojifunza Kiitaliano kwa nyimbo. Hawaanzi na sarufi. Huanza na wimbo uliowagusa, wakaurudia hata wakaukariri, kisha wakaitafuta maana yake kwa kuongozwa na lile walilolisikia moyoni. Swali langu ni hili: mtu aliyeusikia wimbo wa Kiitaliano hata macho yakamlenga machozi, ameisikia lugha ile? Na hicho anachojifunza kwa njia ya machozi yake ni maneno ya wenziwe, au ni moyo wake mwenyewe uliovishwa nguo ya kigeni?

Swali hili si geni kwa watu wa mwambao. Kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco, kilichojengwa na Waitaliano karibu na Malindi katika miaka ya 1960, kilileta wahandisi na mafundi wao. Baadaye wakafuata watalii na walowezi, hata Malindi na Watamu zikawa miji ambamo Kiitaliano husikika sokoni na madukani. Unguja nayo, tangu miaka ya 1990, imepokea wageni wengi kutoka Italia, hasa katika mahoteli ya pwani ya mashariki, Kiwengwa na vijiji jirani. Matokeo yake ni kwamba wako vijana wa huko wanaosema Kiitaliano kwa ufasaha bila ya kukaa darasani hata siku moja.

Vijana hao wameipata lugha kwa njia mbili. Ya kwanza ni biashara: bei, saa ya ngarawa kutoka, majina ya samaki, maneno ya kumtoa mgeni wasiwasi. Kiitaliano hiki kinalisha watu na hakistahili kudharauliwa. Lakini ni lugha isiyojua kujuta wala kukumbuka, kwa kuwa haina haja ya mambo hayo. Njia ya pili ni muziki unaopigwa hotelini usiku, na nyimbo zinazosikika katika redio na simu za mkononi. Huko ndiko kijana anakokutana kwa mara ya kwanza na Mwitaliano anayekumbuka, anayeomba msamaha, anayemlilia mama yake. Lugha ya biashara ilimwonyesha mgeni mwenye mkoba. Wimbo humwonyesha mtu mwenye msiba na furaha kama yeye.

Asije mtu akasema kwamba kujifunza lugha kwa nyimbo ni mchezo wa wavivu. Waitaliano wenyewe, kwa sehemu kubwa, walikifikia Kiitaliano kwa njia zilizo karibu na hiyo. Nchi yao ilipounganishwa mwaka 1861, watu walio wengi walisema lugha za makwao: Kinapoli, Kisisilia, Kivenisi na nyenginezo. Mwanaisimu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu historia ya lugha ya Italia iliyoungana, alikadiria kwamba waliokimudu Kiitaliano wakati huo hawakuzidi asilimia 2.5. Mwenziwe Arrigo Castellani aliipandisha hesabu hiyo hadi karibu asilimia 10, na hata hivyo ni mtu mmoja tu katika kila kumi. Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu na ya wachache. Skuli, jeshi na magazeti vilikieneza, lakini muziki nao ulikuwa na sehemu yake. Opera ilikuwa imekwisha kuyapeleka maneno ya kifasihi katika miji ambayo watu wake hawakuyatumia nyumbani. Likafuata tamasha la nyimbo la Sanremo, lililoanza mwaka 1951 na kusikilizwa kwa redio, kisha televisheni ya taifa iliyoanza mwaka 1954. Mwaka 1958 Domenico Modugno, mzaliwa wa Puglia aliyekuwa amekwisha kuimba kwa lahaja za kusini, alishinda Sanremo kwa wimbo wa Kiitaliano ulioenea dunia nzima. Miaka miwili baadaye, mwaka 1960, mwalimu Alberto Manzi alianza kusomesha watu wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni, na darasa lake likaendelea hadi mwaka 1968. Kwa hiyo yuko bibi wa Kisisilia aliyejifunza lugha ya taifa lake kama anavyojifunza kijana wa Kiwengwa, yaani kwa kuimba kwanza na kuuliza baadaye.

Basi hisia hufunza nini ambacho jaduweli la sarufi halikifunzi? Naona hufunza mambo matatu.

La kwanza ni sauti. Maneno ya Kiitaliano, kama ya kwetu, takriban yote huishia kwa irabu, na kwa hivyo Mswahili huyatamka kwa wepesi ambao Mwingereza hana. Lakini wepesi huo una mtego. Kiitaliano hutofautisha konsonanti moja na konsonanti iliyokazwa, jambo ambalo masikio yetu hayakulizoea. Pena ni adhabu au huzuni, penna ni kalamu. Casa ni nyumba, cassa ni sanduku au mahali pa kulipia. Sono ni kitenzi cha kuwa, sonno ni usingizi. Mwanafunzi akiambiwa hivyo darasani hukubali, kisha husahau. Akiimba, mdundo humlazimisha kusita pale konsonanti inapokazwa, na ulimi hukumbuka kile ambacho akili imekitupa.

La pili ni nyakati za vitenzi. Kiitaliano kina wakati uliopita wa tendo lililokwisha, na kina wakati mwengine uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea au likirudiwa: ho cantato, nimeimba, cantavo, nilikuwa nikiimba. Vitabu huueleza huu wa pili kwa kanuni nyingi. Nyimbo huueleza kwa njia fupi zaidi, kwa kuwa ndio wakati wa kumbukumbu. Anayekumbuka utoto wake, mtaa aliouhama, au mpenzi aliyemwacha, hukaa ndani ya wakati huo na hataki kutoka. Mtu aliyewahi kupoteza kitu haelezwi mara mbili. Hali kadhalika neno magari, ambalo kamusi hulifasiri kwa maneno mengi yasiyotosha. Aliyewahi kusema "laiti" kwa dhati hulitambua mara moja. Sisi tulio na -ngali- katika sarufi yetu, na majuto ni mjukuu katika methali zetu, hatuna haja ya kufundishwa majuto upya. Tunahitaji kuonyeshwa tu pale Waitaliano wanapoyaweka.

La tatu ni mpangilio wa mahusiano. Sisi husema nakupenda kwa mama, kwa rafiki na kwa mchumba, na kuiachia sauti na hali ifafanue. Mwitaliano ana ti amo kwa mahaba, na ana ti voglio bene, ambayo kwa maneno yake ni "nakutakia heri", kwa mzazi, mtoto na sahibu, na pengine kwa mpenzi pia, pale mapenzi yanapotaka kusemwa kwa upole. Tena Mwitaliano akiwa na hamu ya mtu aliye mbali husema mi manchi. Katika usemi huo mtendaji si yule mwenye hamu. Ni yule aliye mbali: wewe unapungua kwangu. Sarufi imemweka mpendwa mbele, na anayeumia amekuwa mahali tu pa upungufu huo. Nadhani hakuna anayeweza kulihifadhi jambo hili kwa akili peke yake. Huingia siku moja, wimbo unapoimbwa, na msikilizaji ana mtu wake aliye mbali.

Hadi hapa hisia ni mwalimu mwema. Lakini ni mwalimu wa kuaminiwa hadi wapi? Wanazuoni wawili wakubwa walilizungumza jambo hili kabla yetu, kila mmoja kwa sababu zake, na hawakukubaliana.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulum al-Din mlango mzima kuhusu usikilizaji na hali unazozizusha. Rai yake ni kwamba wimbo hauingizi moyoni kitu kisichokuwamo. Huchochea kilichomo. Kwa ajili hiyo msikilizaji aweza kuuchukua ubeti wa mahaba ya kidunia akauelekeza kwa Mola wake, na asiwe mwongo. Ghazali anakwenda mbali zaidi. Anamtaja Mwajemi aliyeshikwa na wajdi kwa ubeti wa Kiarabu ambao hakuufahamu, kwa sababu sauti za maneno yake zilifanana na maneno ya lugha yake mwenyewe, naye akayasikia kama onyo juu ya kuangamia kwake. Mshairi hakuwa amesema hivyo hata kidogo. Hata hivyo Ghazali haitupi hali ya mtu yule. Moyo wake ulikuwa ukiwaza akhera, na sauti ikauamsha.

Agostino naye, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini aliyebatizwa Milano mwaka 387, anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyolia kwa nyimbo za kanisa la mji huo. Lakini baadaye akaingiwa na wasiwasi. Alihofu kwamba pengine alikuwa akiguswa zaidi na uimbaji kuliko na kile kinachoimbwa, na kila alipojiona hivyo alihesabu kuwa ametenda kosa. Hakutaka kuziondoa nyimbo, maana alijua faida yake. Alitaka machozi yake yawe ya maneno, yasiwe ya sauti tupu.

Nani kati yao anamfaa mwanafunzi wa Kiitaliano? Mimi naona kila mmoja amesema kweli katika mahali pake. Mwajemi wa Ghazali alikuwa na shughuli baina yake na Mungu wake. Mshairi wa Kiarabu hakuwa na haki yoyote katika shughuli ile. Ubeti wake ulikuwa kama upepo unaofungua dirisha. Lakini anayejifunza lugha ana shughuli na watu. Amesema kwa kitendo chake: nataka kujua mnasema nini. Baada ya ahadi hiyo, kusikia lile ambalo hakulisema mwenye wimbo hakuwi tena hali njema ya moyo. Kunakuwa ni kumkatiza mtu maneno na kumalizia sentensi yake kwa niaba yake. Hapo wasiwasi wa Agostino unakuwa wetu.

Tutazame mifano mitatu, kutoka mwepesi hadi mzito.

Mwaka 1972 Adriano Celentano alitoa wimbo wenye jina refu lisilo na maana, na maneno yake nayo hayana maana katika lugha yoyote. Alitunga sauti zinazofanana na Kiingereza cha Wamarekani jinsi kinavyosikika kwa asiyekijua. Wimbo ule unachangamsha, na asiyejua Kiingereza anaweza kuapa kwamba anaambiwa jambo. Huu ni ushahidi ulio wazi kwamba hisia ya kuambiwa jambo na kuambiwa jambo ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza chote bila ya chembe ya cha pili.

Mfano wa pili ni Bella ciao. Baada ya tamthilia moja ya televisheni ya Uhispania iliyotoka mwaka 2017, wimbo huu ulirudiwa kwa midundo ya disko na ukachezwa katika kumbi za dunia nzima. Ni wimbo mchangamfu na mikono hupigwa. Lakini msemaji wake ni mtu anayeaga ili aende kupigana na wavamizi, anayejua kwamba huenda akafa, na anayeusia mahali pa kuzikwa. Waitaliano huuimba kila tarehe 25 Aprili, siku ya kukumbuka kukombolewa kwa nchi yao mwaka 1945. Wako wazee wanaousikia na kuwaona ndugu zao. Anayeucheza ukumbini bila ya kujua hajamdhulumu mtu. Lakini akidai kwamba amejifunza Kiitaliano kwa wimbo ule, kwa sababu umempa furaha, atakuwa amejifunza kinyume. Wasia ameupokea kama mwaliko wa ngoma.

Mfano wa tatu ndio unaonizuia kulifanya jambo hili dogo. Mwaka 1935, Italia ilipokuwa ikijitayarisha kuivamia Ethiopia, Renato Micheli alitunga maneno na Mario Ruccione akatia muziki wa wimbo uitwao Faccetta nera, yaani kijiuso cheusi. Jina lenyewe ni la kubembeleza. Ile tamati -etta ni ya udogo na mapenzi. Lahani yake ni nyepesi, ya kupiga hatua, na hukaa kichwani tangu mara ya kwanza. Asiyejua maneno atadhani ni wimbo wa kijana anayemsifu msichana wa Kiafrika, na pengine atafurahi kuona mweusi akiimbwa kwa mahaba. Maneno yanasema nini? Yanamwahidi msichana wa Kihabeshi kwamba majeshi yanakuja kumkomboa kutoka utumwani na kumfanya wa Roma. Majeshi hayo yalivuka mpaka mwezi Oktoba 1935, yakatumia gesi ya sumu, na yakauteka Addis Ababa mwezi Mei 1936. Mwezi Februari 1937, katika mji huohuo, maelfu ya raia waliuawa kwa siku chache baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano. Mwaka huohuo sheria ilitolewa ya kumfunga Mwitaliano yeyote atakayeishi kinyumba na mwanamke wa makoloni. Wimbo wenyewe watawala wa Kifashisti hawakuupenda, kwa kuwa ulidokeza ukaribu wa damu ambao hawakuutaka. Basi hata uongo wake wa kubembeleza ulionekana ni mapenzi kupita kiasi.

Mwafrika anayejifunza Kiitaliano kwa moyo tu anaweza kuupenda wimbo huu. Hilo si tusi kwake, wala si ushahidi wa upungufu wa akili yake. Lahani ilitengenezwa ili ipendwe. Waliouimba wakiwa njiani kwenda Afrika wengi wao waliupenda kwa dhati, na naamini wako waliojiona wanakwenda kutenda wema. Hapo ndipo penye funzo. Hisia zao zilikuwa za kweli, na hisia za kweli hazikumfaa kitu msichana yule, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wimbo ulisema kwa niaba yake, na waimbaji wakatosheka na walivyojisikia.

Mtu atasema: mbona sisi tumeishi na nyimbo za lugha tusizozijua, na hatukumdhuru mtu? Wazee wetu walimsikiliza Umm Kulthum kwa redio, na wengi wao Kiarabu chao kilikuwa cha msikitini tu. Nyimbo za filamu za Kihindi zimeimbwa mitaani na watoto wasiojua neno moja la Kihindi. Ni kweli, na starehe hiyo siilaumu. Kuburudika ni ruhusa. Lakini yafaa tukumbuke wazee wetu walifanya nini baada ya kuburudika. Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, taarabu ya Unguja ilikuwa ya Kiarabu. Siti binti Saad ndiye aliyeifikisha kwa Kiswahili masikioni mwa watu wengi, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Lahani za kigeni zilipendwa, kisha zikatiliwa maneno ambayo msikilizaji angeweza kuyajibu. Watu walijua kwamba muziki peke yake ungewaacha nusu ya njia.

Na kama kuna watu duniani wanaopaswa kujua kwamba hisia ya wimbo imo ndani ya maneno, basi ni sisi wa taarabu. Mgeni akija ukumbini jioni husikia zeze na kanuni, huona mwanamke amesimama kwa madaha, anatembea taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji na kurudi. Mgeni huona uzuri, na hujisikia raha. Hajui kwamba ubeti ule ulikuwa fumbo, kwamba tunda lililotajwa halikuwa tunda, na kwamba yule mwanamke alisimama kwenye mshororo huo na si mwengine kwa sababu mtu fulani alikuwa amekaa safu ya tatu. Kilichopita pale ni ugomvi kamili, wenye shtaka na hukumu, na mgeni ametoka akisema kwamba amesikia wimbo wa mapenzi. Hatumkasirikii. Lakini akirudi kwao akaandika kwamba anaujua moyo wa Mswahili, tutacheka, na tutakuwa na haki ya kucheka. Basi haki tunayoidai kwa wimbo wetu ndiyo tunayodaiwa kwa wimbo wa wenzetu.

Lipo jambo jengine, na ni zito zaidi kwa wale wanaoishi karibu na mahoteli. Maneno ya mahaba yaliyojifunzwa kwa nyimbo hayabaki katika nyimbo. Hutumika. Kijana humwambia mgeni ti amo kwa sauti aliyoipata kwa mwimbaji, na sauti ile ina uzito ambao yeye hakuupima. Mgeni naye, ambaye amekuja na upweke wake, huisikia sauti ya nyimbo za nyumbani kwao na kudhani kwamba nyuma yake pana yale yaliyokuwa nyuma ya nyimbo zile. Pengine pana kweli. Pengine pana njaa, au matumaini ya safari, au mchezo wa wiki mbili. Wala upande wa pili si msafi kuliko huu, kwa maana mgeni naye hujifunza nakupenda na hakuna matata katika siku moja, na huyatumia yote mawili kwa wepesi uleule. Sisemi kwamba watu hawa ni waongo. Nasema kwamba neno lililoazimwa bila ya kupimwa humfanya mtu atoe ahadi asiyoijua ukubwa wake, na mwenziwe aipokee kwa ukubwa wake wote. Aliyejua tofauti ya ti amo na ti voglio bene angekuwa na njia ya kusema kweli. Angeweza kumtakia mtu heri bila ya kumwahidi maisha. Ujinga wa neno moja unaweza kumnyima mtu nafasi ya kuwa mwaminifu.

Kwa hiyo sidhani kwamba mwanafunzi achague baina ya moyo na kamusi. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na hapa kuinama ni kukubali kwamba hisia ya kwanza inaweza kusahihishwa. Mwanafunzi na ausikilize wimbo kwanza bila ya maneno, na ajue ameusikiaje. Kisha ayachukue maneno, moja baada ya jingine, aulize kila tamati na kila wakati wa kitenzi, na pale kamusi inaposhindwa amuulize mwenye lugha. Kisha ausikilize tena. Aghalabu atakuta kwamba hisia ya pili si ile ya kwanza. Wimbo wa Lucio Dalla uitwao Caruso, wa mwaka 1986, wengi huuchukua kuwa wimbo wa mpenzi kwa mpenziwe na kukomea hapo. Anayeyafuata maneno humkuta mwimbaji mkubwa, mgonjwa, mbele ya bahari ya Sorrento, anayemtazama msichana anayemfundisha kuimba, huku maisha yakimponyoka. Enrico Caruso alifariki mwaka 1921 katika mji wake wa Napoli, akiwa na umri wa miaka 48. Mapenzi yamo katika wimbo ule, lakini ni mapenzi yanayosemwa na mtu asiye na kesho. Aliyelia mara ya kwanza kwa ajili ya mchumba wake, mara ya pili atalia kwa ajili ya mtu mwengine.

Tofauti kati ya machozi ya kwanza na ya pili ndiyo, kwa maoni yangu, elimu yenyewe ya lugha. Ya kwanza hayakuwa bure, kwa kuwa bila ya hayo asingekuwa na sababu ya kuinama. Lakini ya kwanza yalikuwa mali yake tangu zamani. Angeweza kuyalia kwa Kiswahili, au kwa wimbo usio na maneno. Ya pili hakuwa nayo kabla. Amepewa na mwengine, kwa lugha ya huyo mwengine, na hakuyapata ila kwa kunyamaza kidogo na kumwacha amalize.

Alhasili, tunaposema kwa Kiswahili kwamba mtu anaisikia lugha, tusilichukulie neno hilo kwa maana yake nyepesi. Limebeba sauti, limebeba uchungu, limebeba ufahamu, na limebeba pia ile maana tunayomwambia mtoto: sikia, yaani acha lako kwanza, ushike uliloambiwa. Kijana wa Kiwengwa mwenye wimbo wa Kiitaliano mdomoni anazo maana mbili za mwanzo bila ya taabu. Mbili zilizobaki ni kazi, na hakuna wimbo utakaomfanyia.